Ovaholi ya injini ya 3L nyumbani: kazi gani ni yako na ipi ya wenye mashine

Shabab_Dizeli (Nakuru)

Wazee, habari za kwenu. Maswali ya ovaholi, yaani kufungua na kutengeneza upya 3L nyumbani, ni mengi na majibu yametawanyika, basi tuyakusanye hapa. Naongea kuhusu 3L ya Toyota, ile ya cc 2,779 iliyojaa kwenye Hilux na Hiace za huku kwetu: silinda nne, bore (upana wa silinda) 96 mm, stroku (mwendo wa pistoni) 96 mm, taiming belti, pampu ya dizeli ya Denso. Mwenye 2L pia afuate. Yake ni 92 kwa 92, lakini kazi ni moja.

Tuelewane mapema. Nyumbani unaweza kutoa injini, kuifungua, kuiosha, kuipima na kuifunga. Kubore bloku (kupanua silinda), kusaga kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kuchonga hedi (kichwa cha injini), kutafuta nyufa na kupima nozeli (vinyunyizio vya dizeli) ni kazi ya wenye mashine. Anayekuambia atakunyooshea hedi kwa msasa juu ya kioo anakuharibia mali.

Usifungue kabla ya kupima. Moshi wa bluu peke yake si ushahidi. Ukitoka asubuhi tu ukiwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, na hizo hazihitaji kushusha injini. Moshi wa bluu unaokufuata mlima mzima, huku oili ikitupwa kupitia bomba la kupumulia na kifuniko cha oili kikiruka ukikifungua injini ikinguruma, hapo ndipo unapowaza ringi (pete za pistoni).

Kipimo chenyewe ni kompresheni. Pasha injini hadi joto la kawaida, toa hita plagi zote nne, chomoa waya wa solenoidi ya kuzima kwenye pampu ili dizeli isiingie, kisha funga geji kwenye tundu la hita plagi. Geji iwe ya dizeli, inayofika bar 40 au zaidi, maana ya petroli itaharibika. Betri iwe imejaa. Kitabu kinataka karibu 32 kg/cm², cha chini kabisa 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5.

Usimwage oili nyingi kwenye silinda kama wanavyofanya kwa petroli. Chumba cha dizeli ni kidogo sana, oili inajaza nafasi na geji inakudanganya. Ikizidi, pistoni inagonga umajimaji usiokandamizika na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inapinda.

Kondele_Nozeli (Kisumu)

Umeanza vizuri, bosi. Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Hizo namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Nakuru mjini mko kama mita 1,850 juu, na hewa huko ina kama asilimia 80 ya mgandamizo wa Mombasa. Kisumu tuko kama mita 1,130, tuna karibu asilimia 87. Kwa hiyo injini mpya kabisa inayosoma 32 pwani itasoma kama 28 hapa Kisumu na kama 26 kwenu, bila kuwa na ubaya wowote.

Watu wameuziwa ovaholi kwa sababu geji ilisoma 25 Nakuru. Angalieni zaidi tofauti kati ya silinda. Injini yenye 25, 25, 24, 25 inayowaka asubuhi kwa mzunguko mmoja wa stata haijachoka. Yenye 27, 26, 18, 26 ina ugonjwa kwenye silinda ya tatu, na ugonjwa huo unaweza kuwa valvu iliyoungua au gasketi.

Kutofautisha, peleka hewa ya kompresa kwenye tundu la hita plagi ya silinda hiyo pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Weka gia ya nne na handibreki ili kranki isizunguke. Sasa sikiliza. Hewa ikitokea kwenye manifoldi ya kuingizia, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ikitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi au silinda. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Shabab_Dizeli

Asante fundi, hilo la mwinuko ni la kweli kabisa.

Kutoa injini sitakaa sana. Mwaga maji na oili, toa boneti, rejeta, waya, mipira ya dizeli (zibeni ncha zote kwa tepu safi), ekzosi, kisha boliti za bell housing (kasha la klachi). Injini hii inapita kilo 200. Tumieni chein bloku ya tani 1 juu ya fremu ya chuma. Mbao za paa la gereji si za kazi hiyo, wala tawi la mti.

Kabla ya kutoa pampu ya dizeli, angalia alama kwenye flenji yake na kwenye keseni. Kama hazionekani, chora mstari mmoja kwa patasi unaovuka vyote viwili. Huo mstari ndio utakaorudisha taiming yako.

Wakati wa kufungua, kila kitu kiwe na namba. Kofia za konrodi na za meni beringi (beringi kuu zinazoshika kranki) hazibadilishani kamwe, wala hazigeuzwi, kwa sababu zilitobolewa zikiwa zimefungwa mahali pake. Vikombe vya valvu na shimu zake (vibati vya kurekebishia nafasi) pia vipangwe 1 hadi 8 kwenye trei ya mayai. Kabla ya kusukuma pistoni kutoka, kwangua kaboni na ile kingo iliyobaki juu ya silinda, la sivyo unavunja pistoni ambayo pengine ilikuwa nzima.

Sasa pima bloku. Geji ya silinda, sehemu tatu (chini kidogo ya kingo, katikati, na chini), kila sehemu kwa pande mbili: sambamba na kranki na kuikata. Jumla vipimo sita kwa silinda moja. Silinda mpya ni 96.00 hadi 96.03 mm. Ikipita 96.23 popote, bloku inaenda kuborewa. Kulika hutokea zaidi juu, kwa upande unaokata kranki, maana huko ndiko pistoni inakosukumwa na oili ni chache.

Bungoma_Kanduyi

Shikamooni wakubwa. Swali: kama silinda imelika kidogo tu, mtu hawezi kuweka ringi mpya bila kubore? Huku wengi hufanya hivyo na gari linatembea.

MwalimuWaTorki (Njoro)

Marahaba kijana. Inategemea "kidogo" ni ngapi, na hapo hesabu ndiyo inayoamua.

Ringi inafuata mzingo wa silinda. Kila kipenyo kikiongezeka 0.10 mm, mdomo wa ringi (pengo kati ya ncha zake) unafunguka kwa 0.31 mm zaidi. Silinda iliyolika 0.20 mm juu inaongeza 0.63 mm juu ya nafasi ya kawaida. Ringi mpya uliyoipima chini ukapata 0.40, ikifika juu ambako mlipuko unatokea ina mdomo wa milimita nzima. Gesi inapita hapo, inachoma oili ukutani, na baada ya miezi michache umerudi pale pale. Tena ringi inafunguka na kujifunga kila mara pistoni inapopanda na kushuka, mpaka inavunjika.

Kwangu mpaka uko hivi: silinda isiyopita 0.08 mm ya kulika, isiyokuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, piga hon (kukwaruza ukuta wa silinda kwa mawe laini) na uweke ringi za standadi. Zaidi ya hapo, bore hadi 0.50 mm juu ya standadi na ununue pistoni za ukubwa huo. Kama bloku ilishaborewa zamani, wenye mashine watatoboa na kupiga slevu (mrija wa ndani ya silinda) mpya, kisha mrudi kwenye 96.

Jambo la lazima: nunua pistoni KWANZA, uzipeleke pamoja na bloku. Asiyekuwa na pistoni mkononi anabore kwa kukisia. Kila silinda ikatwe kwa kipimo cha pistoni yake na pistoni ipigwe namba. Waambie pia wafunge kofia za meni beringi kwa torki kamili kabla ya kubore, kwa sababu bloku hubadilika umbo kidogo kofia zikiwa zimekazwa.

Mdomo wa ringi upimwe kwa kuisukuma na pistoni iliyogeuzwa kichwa chini, ili ringi ikae wima. Ipime sehemu ya chini ya mwendo wa ringi, ambapo silinda ni nyembamba zaidi. Ukipima juu peke yake kwenye silinda iliyolika, chini ringi itagusana ncha kwa ncha ikipata moto na kukwaruza ukuta wote. Ringi ya juu isipungue 0.30 mm. Ikipungua, piga tupa laini ncha moja kuelekea ndani tu, kidogo kidogo.

Bungoma_Kanduyi

Nimeelewa mwalimu. Na hon yenyewe inafanyika nyumbani?

Kondele_Nozeli (Kisumu)

Inafanyika, kwa hon ya mawe matatu au ya mipira kwenye drili inayozunguka polepole. Mafuta mepesi yamwagike muda wote. Panda na kushuka kwa mwendo unaoacha mistari inayopishana kwa nyuzi 45 hadi 60. Mistari ikilala sana ringi zinaruka, ikisimama sana oili haishiki. Sekunde 15 hadi 20 kwa silinda zinatosha. Hapa unaondoa mng'aro tu, usijaribu kuondoa kulika.

Ila injini nyingi za nyumbani zinakufa baada ya hon, kwenye kuosha. Vumbi la mawe ya hon limejificha ndani ya ile mistari, na petroli au dizeli hailitoi, inalipeleka ndani zaidi. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, silinda moja moja, suuza, rudia. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye oili safi, pangusa ukuta. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudi kwenye sabuni. Ni mpaka kitoke cheupe.

Njia za oili pia. Toa plagi zote za njia kuu ya oili kwenye bloku na kwenye kranki kama zinatoka, pitisha brashi ndefu ya kuoshea bunduki au chupa, kisha hewa.

Na kwa sisi wa kando ya ziwa: chuma kilichooshwa kwa sabuni hakina mafuta hata chembe, na unyevu wa Kisumu unakipiga kutu ya machungwa ukienda tu kujibu simu. Mtu mmoja akaushe kwa hewa, mwingine afuate nyuma na oili.

MwalimuWaTorki (Njoro)

Hapo umesema kweli tupu.

Niongeze upande wa kranki. Peleka kwa wenye mashine wapime kila jarida (sehemu ya kranki inayozunguka ndani ya beringi) kwa maikromita. Ikiwa ni duara na laini, baki standadi. Ikiwa na mikwaruzo, itasagwa 0.25 (mafundi wengi huita "ten") au 0.50 ("tweni"), na beringi zinunuliwe kulingana na kipimo walichokuandikia. Usikubali neno la mdomo. Baada ya kusaga, kila tundu la oili liwe na ukingo uliolainishwa, na jarida zipigwe polishi.

Ukirudi nyumbani, usiamini boksi. Tumia Plastigauge (uzi laini wa plastiki unaobanwa ili kuonyesha nafasi ya oili). Jarida kavu, beringi kavu, kipande kimoja kulala kwa urefu wa jarida, funga kofia kwa torki kamili, USIZUNGUSHE kranki, fungua, linganisha upana. Kwa meni na kwa konrodi nafasi ya oili ikipita 0.10 mm hairuhusiwi, na injini mpya inakaa kati ya 0.03 na 0.065 hivi. Ikiwa chini ya hapo beringi itashikana, na ikiwa juu presha ya oili itaanguka injini ikipata moto.

Torki ya kofia za meni ni 103 Nm, ikazwe kwa awamu kuanzia ya katikati kwenda nje. Baada ya kila kofia, zungusha kranki kwa mkono. Ikianza kuwa ngumu baada ya kofia fulani, hiyo ndiyo yenye tatizo: uchafu nyuma ya beringi, kofia iliyogeuzwa, au beringi ya ukubwa tofauti iliyochanganywa kwenye seti. Mwendo wa kranki mbele na nyuma upimwe kwa dayo geji (geji ya mshale): 0.04 hadi 0.25 mm, mwisho 0.30. Ukizidi, badilisha thrasti washa, na mifereji yake ya oili itazame upande wa kranki.

Konrodi zimetofautiana kwa miaka ya utengenezaji. Kuna zinazokazwa kwa torki peke yake, kuna zinazoongezwa digrii 90. Pata kitabu cha mwaka wa injini yako.

Shabab_Dizeli

Kwenye pistoni: alama ya mbele itazame upande wa taiming. Pini haipigwi nyundo. Chovya pistoni kwenye maji ya moto na pini itaingia kwa kidole gumba. Ringi zenye herufi, herufi itazame juu. Midomo ya ringi isipangane mstari mmoja na isikae juu ya pini. Vaa nati au boliti za konrodi vipande vya mpira wa maji ili zisikwaruze kranki pistoni ikishuka.

Pampu ya oili ipakwe vaselini kwenye gia zake kabla ya kufungwa, ndiyo itakayovuta oili mara ya kwanza. Oringi yake iwe mpya.

Dada_Hedi (Kakamega)

Hamjambo wazee. Mmefika kwangu.

Hedi za hizi injini hupasuka kati ya kiti cha valvu ya kuingizia na ya ekzosi, hasa gari likichemka mara kwa mara. Ufa mwingine hauonekani kwa macho mpaka hedi ifungwe njia zote za maji, ijazwe hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Lipia kipimo hicho kabla ya kulipia kazi nyingine yoyote kwenye hedi, maana ukishachonga na kuweka valvu mpya ndipo ukaambiwa imepasuka, fedha imekwenda.

Unyoofu: rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, pima kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona. Ikipita 0.20 mm ichongwe. Uso wa juu wa bloku nao upimwe vivyo hivyo. Ila 3L ina vyumba vidogo vya mwako vilivyopachikwa kwenye hedi, na fundi mashine akichonga ovyo anaharibu namna vinavyokaa. Visizame na visichomoze kupita kiasi. Pitisha rula juu ya kila kimoja baada ya kazi. Valvu nazo zikizama sana kwenye viti vyake kompresheni inapotea, zikichomoza zinagonga pistoni.

Kusaga valvu nyumbani ni sawa kama viti ni vizima. Anza na pesti nene, malizia laini, mpaka upate mkanda wa kijivu wa 1.2 hadi 1.6 mm unaozunguka bila kukatika. Kisha funga springi, lalia hedi ubavu, jaza mafuta taa kwenye njia za hewa, subiri dakika kumi. Tone likipita, hiyo valvu bado.

Sasa kubwa: gasketi. Wengi huingia dukani na kusema "nipe gasketi ya 3L". Gasketi ya 3L si moja! Ziko unene tatu, zenye alama B, D na F. B ni 1.40 hadi 1.50 mm, D ni 1.50 hadi 1.60, F ni 1.60 hadi 1.70. Unayohitaji inategemea pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku ikiwa juu kabisa.

Pima hivi: funga kranki na pistoni zote, weka dayo geji juu ya bloku, iweke sifuri, isogeze juu ya pistoni na uzungushe kranki taratibu mpaka upate kilele. Kila pistoni pointi mbili, mbele na nyuma, juu ya mstari wa pini, ili pistoni isiyumbe. Chukua kipimo KIKUBWA kuliko vyote nane, usichukue wastani.

Kipimo cha 0.68 hadi 0.77 mm ni B. Cha 0.78 hadi 0.87 ni D. Cha 0.88 hadi 0.97 ni F. Ukipita 0.97 usifunge. Kuna kitu si sawa: bloku imechongwa kupita kiasi au pistoni si za injini hii.

Ukiweka nyembamba mahali pa nene, pistoni inakaribia hedi na valvu, utasikia mlio mkavu wa kugonga usioisha. Ukiweka nene mahali pa nyembamba, kompresheni inashuka na gari linakataa kuwaka asubuhi za baridi, na watu wa Timboroa na Molo wanajua baridi hiyo.

Bungoma_Kanduyi

Dada asante sana. Na silikoni kidogo pande zote mbili za gasketi ya hedi? Mafundi wa huku huipaka ili isivuje.

Dada_Hedi (Kakamega)

Hapana, ndugu yangu. Gasketi ya hedi inafungwa kavu, nyuso zikiwa zimesafishwa mpaka hazina mafuta. Silikoni inaongeza unene usio sawa, na ile inayominywa inaingia kwenye njia za oili na maji. Silikoni mahali pake ni sampu (bakuli la oili), na hata huko iwe uzi mwembamba wa 3 hadi 5 mm.

Matundu ya boliti yakaushwe kwa hewa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, boliti inakandamiza umajimaji na bloku inapasuka. Boliti zenyewe zipakwe oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Kaza kuanzia katikati ukizunguka kwenda nje, kwa awamu, mpaka zote ziwe 78 Nm. Kisha piga tone la rangi mbele ya kila boliti, zungusha zote digrii 90, halafu zote tena digrii 90. Tone la rangi sasa linatazama nyuma kwa kila boliti, na iliyosahaulika inaonekana mara moja.

Wa_Zamani_Kericho

Mimi naona hedi ni lazima ikazwe tena baada ya kilomita 1,000. Ndivyo kazi ilivyofunzwa.

MwalimuWaTorki (Njoro)

Mzee, kwa injini za zamani zilizokazwa kwa torki peke yake ni sawa kabisa, na nakuheshimu kwa hilo. Hii ya kuzungusha digrii inavuta boliti kama springi, na nguvu inabaki hata gasketi ikilala kidogo. Ukirudi na torki renchi baadaye, itaonyesha msuguano wa nyuzi tu, na ukiilazimisha unapitisha boliti. Iacheni.

Shabab_Dizeli

Taiming. Kabla ya kuzungusha kamshafti bila belti, rudisha kranki robo mzunguko ili pistoni zote ziwe katikati. Belti ikikosewa au ikikatika kwenye 3L, valvu zinakutana na pistoni.

Panga alama za kranki, kamu na pampu, vaa belti mpya, idla (roli ya kukaza belti) mpya na springi yake, kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko MIWILI upande wa saa na uangalie alama upya. Jino moja likiruka kwenye pampu gari litawaka, lakini litagonga au kutoa moshi mweupe. Belti ni ya kilomita 100,000. Wanaopita barabara za vumbi za Marigat wasingoje hapo kama kifuniko cha belti kimevunjika.

Klirensi (nafasi) ya valvu, injini ikiwa baridi: kuingizia 0.20 hadi 0.30 mm, ekzosi 0.40 hadi 0.50. Shimu inachaguliwa kwa hesabu. Unene wa shimu iliyopo, jumlisha klirensi uliyopima, toa 0.25 kwa kuingizia au 0.45 kwa ekzosi. Mfano: ekzosi ina shimu ya 2.80 na klirensi 0.15. Shimu mpya ni 2.80 + 0.15 − 0.45 = 2.50. Baada ya kusaga valvu klirensi hupungua, kwa hiyo mtahitaji shimu nyembamba zaidi. Hesabuni zote nane kabla ya kwenda dukani, nyingine mnaweza kubadilishana humo humo.

Kondele_Nozeli (Kisumu)

Nozeli msizirudishe bila kupimwa. Nozeli inayodondosha inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kutoboa kichwa cha pistoni, na pengine ndiyo iliyoua injini ya kwanza. Washa za chini ya nozeli ziwe mpya.

Siku ya kuwasha: filta ya oili ijazwe kwanza, oili 15W-40 ya dizeli, mimina lita 5 kisha fuata dipstiki. Waya wa solenoidi ukiwa umechomolewa, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10, ukiipumzisha, mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo unarudisha waya. Pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli ibonyezwe mpaka iwe ngumu, legeza nati za mirija kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, washa.

Presha ya oili injini ikiwa moto: kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa) isipungue 0.3 kg/cm², na kwa 3,000 rpm iwe 2.5 hadi 6. Fungeni geji halisi, taa pekee haitoshi. Angalieni pia mpira wa oili unaokwenda kwenye pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta. Ukipasuka unamwaga oili yote huku macho yako yako kwenye hedi.

Dada_Hedi (Kakamega)

Maji ya rejeta: msiweke ya kisima, hasa Nakuru ambako visima vingi vina chumvi na floridi. Yanaacha magaga kwenye njia za hedi. Maji ya mvua yaliyochujwa au distilidi, pamoja na kulanti. Thamostati irudishwe. Ijaribuni kwenye sufuria ya maji ya moto, ifunguke kwenye joto lililoandikwa juu yake. Injini isiyo na thamostati inabaki baridi, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika mapema.

MwalimuWaTorki (Njoro)

Kulainisha injini iliyofungwa upya: msiiache ingurume sailensa saa nzima uani. Ringi zinakaa zikisukumwa na mgandamizo, na sailensa haina mgandamizo. Ukuta unang'aa na oili inaliwa milele. Baada ya kuhakikisha haivuji, ingia barabarani na mzigo mwepesi, kanyaga nusu, achia, kanyaga tena, ukibadilisha mwendo. Ahero na uwanda wa Kano ni pazuri kwa walio Kisumu. Wa Nakuru, kilomita 500 za kwanza epukeni kupanda Salgaa hadi Mau Summit mkiwa mmejaza. Mwaga oili na ubadilishe filta kwenye 500, kata filta ya zamani ufungue karatasi yake. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni beringi, simamisha gari.

Na kabla ya yote hayo, kagueni mpira kati ya boksi la filta ya hewa na manifoldi. Ufa mdogo hapo unaingiza vumbi moja kwa moja kwenye ringi mpya.

Bungoma_Kanduyi

Swali la mwisho kwangu. Bloku ikikataa kabisa na mtu akanunua nyingine, kuna shida ya makaratasi?

Shabab_Dizeli

Namba ya injini iko kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari), kwa hiyo badiliko lipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Chukua risiti ya bloku yenye namba hiyo na uhakikishe namba haijachezewa kabla ya kulipa.

Wa_Zamani_Kericho

Na ikiwaka ikiwa inagonga, vijana, msikimbilie kufungua tena. Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya mrija wa nozeli moja kwa wakati, kwa mpangilio wa mlipuko, 1-3-4-2, tambara likiwa limefunika nati na uso wako uwe mbali. Mlio wa kugonga ukinyamaza kabisa kwenye silinda moja, mtuhumiwa wa kwanza ni nozeli yake: ihamishe silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, umepata. Ukibaki pale pale na kupungua tu, sikiliza konrodi ya silinda hiyo. Usipobadilika kwa silinda yoyote, angalia jino la belti ya pampu kwanza, kisha gasketi mliyoweka ni ya alama gani.